Saruji Hailali

Nilipopewa talaka, kaka yangu alikuja kunichukua na jembe begani. Hakunipa hata pole. Alisema shamba lake la Chanika limejaa nyasi, na mwanamke aliyeachwa hawezi kuzurura mjini kama kuku aliyekata kamba.

Nikamwambia nina kiwanja changu Temeke, nilikipata kwa vitumbua vyangu kabla hata ya kuolewa, na nitajenga. Akacheka mpaka akakaa chini. Alikijua kiwanja chenyewe. Kilikuwa mteremkoni, kila masika maji ya mtaa mzima yalipita hapo, na nyumba ya udongo iliyotangulia ilikwenda nayo. Tukakubaliana mbele ya shangazi: nikijenga, na masika yakapita nyumba imesimama, hatanisumbua tena. Ikianguka, nitakwenda Chanika kulima, tena kimya. Neno hilo "kimya" lilinikera kuliko jembe.

Nilihitaji msingi wa mawe na saruji. Enzi zile za Mwingereza saruji ilitoka ng'ambo kwa meli, na wengi wetu tuliiona kwenye majengo ya serikali tu. Fundi niliyempata alikuwa mzee wa pwani ya Mrima, mtu wa chokaa tangu ujana wake, na nyumba alizozijenga mjini zilikuwa imara mpaka siku hiyo. Kwake yeye saruji lilikuwa neno la kale, maana yake chokaa iliyochanganywa na mchanga, ikapondwa, ikalazwa. Unga wa gunia nao tuliuita saruji. Jina lilikuwa moja, na jina ndilo lililotuponza.

Chokaa sharti ilale. Unaitia maji, unaifunika kwa magunia mabichi, na kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika na kunata. Basi jioni moja fundi alimwaga magunia yangu yote ya saruji, akachanganya na mchanga na maji, akafunika vizuri. Nikamuuliza kwa nini tusianze walau mstari mmoja.

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu," akasema. "Iache ilale. Kesho utaikuta kama samli."

Kesho yake nilikuta jiwe. Fundi akaligonga kwa mwiko, mwiko ukalia. Akalipiga sururu, sururu ikaruka nusura imvunje mguu. Akavua kofia yake, akasema saruji imerogwa. Kaka alikuwa na desturi ya kupita kwangu kila alipoleta mihogo sokoni, na siku hiyo alipita. Akalizunguka lile jiwe, akasema angalau nimepata kiti cha kukalia nikimsubiri aje kunichukua. Nililia. Nililia kwa hasira, maana huzuni sikuwa na nafasi nayo.

Majirani wakanishauri niachane na unga wa Wazungu, nirudi kwenye udongo. Nani, mimi? Mimi ni muuza vitumbua. Najua unga. Najua kuna unga unaoumuka, na kuna uliopata unyevu ambao hata uubembeleze vipi hauumuki, na dukani wote unauzwa kwa jina moja. Kama unga wa vitumbua una aina zake, na huu wa mawe lazima unazo. Nikajitanda khanga zangu nikaenda Kariakoo, kwa Mhindi mmoja aliyeuza vifaa vya ujenzi.

"Hii ya kawaida," akanionyesha. "Hii ya haraka, wanaitaka watu wa bandarini, inapata nguvu upesi. Hii nyeupe, ya urembo. Na ile ya kwenye pipa, rahisi."

"Rahisi kwa nini?"

"Rahisi tu, mama."

Nikatia mkono katika kila moja. Ile ya kawaida ilikuwa ya baridi, laini, ikipita vidoleni bila kukwama. Ile ya pipa ilikuwa na mabonge. Mwenye duka akachoka kunitazama, akasema mchagua nazi hupata koroma. Nikamjibu kwamba koroma humpata asiyezitikisa. Akanipimia kibaba cha kila aina, isipokuwa ile nyeupe, kwa kuwa urembo sikuuhitaji. Wakati ananifungia, akasema bila kuinua uso, "Ukishatia maji, mama, usiende kula. Yenyewe haikungoji."

Nyumbani nilikopanga nikafanya vitumbua vya saruji, kila aina peke yake, nikavianika juu ya jani la mgomba, nikawa navijaribu kwa ukucha. Siku ya pili kile cha haraka sikuweza kukivunja. Cha kawaida kilimeguka pembeni kidogo. Cha pipa kilivunjika kama mkate mkavu, nikakitupa. Vile viwili nikavitia katika bakuli la maji ili nione vitayeyuka lini. Havikuyeyuka. Kila nilipovitoa vilikuwa vigumu zaidi, na mwisho kile cha kawaida kikamfikia mwenzake.

Hapo ndipo nilipofahamu. Chokaa hukauka, saruji hushika. Chokaa inataka hewa na subira. Saruji inataka maji, na haitaki kusubiriwa. Ikianza kushika ukaivuruga, umeiua.

Nikamchukulia fundi bakuli langu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu." Akakitoa kitumbua majini, akakigonga kwa kingine, akasikiliza. "Sasa hii inalala lini?"

"Hailali."

"Hakuna kisicholala."

"Basi italala ukutani."

Akacheka, nami nikafurahi, maana nilikuwa nikimhitaji. Hakuna aliyepanga mawe kama yeye. "Na magunia yangu mabichi?" akauliza. Nikamwambia ayalete, tutafunika ikishashika, ibaki na unyevu. Akakubali kurudi kwa sharti moja, kwamba nisimfundishe kazi mbele ya majirani. Nikaahidi, na ahadi nikaivunja asubuhi ile ile.

Tulitumia saruji ya kawaida, magunia mapya niliyoyanunua kwa pesa ya vitumbua, na mchanga wa mtoni, kwa sababu ule wa pwani una chumvi. Tulichanganya karai moja baada ya jingine. Kilichoanza kukakamaa tulikitupa, fundi akikitazama kwa uchungu kama mtu anayemwaga pilau. Juu ya msingi tukasimamisha kuta za miti na udongo, na paa la madebe.

Masika yakaja na kishindo. Maji yalishuka mteremko mzima, yakanifikia, yakapiga msingi. Sikutoka. Nilikaa ndani, mkono sakafuni, nikisema moyoni kwamba kama ni kwenda tutakwenda pamoja. Maji yakagawanyika, yakapita huku na huku.

Mvua ilipopungua, kaka akaja na jembe lake na gunia tupu la kutilia vyombo vyangu. Kwa upenyo wa dirisha nilimwona akiuzunguka msingi, akiusukuma kwa kisigino, akiinama kutafuta ufa. Kisha akaja mlangoni, akalaza jembe chini, akavua viatu. Maisha yangu yote kaka yangu alikuwa akiingia nilipo bila kubisha.

"Hodi," akasema.

Nilikuwa nyuma ya mlango, nimemsikia vizuri. Nikanyamaza, mpaka aliposema tena.