Jiwe Alilolichagua Celestina

Katika miaka yote niliyofundisha shule ya msingi pale Kamuli, sikumsikia Celestina akiomba kitu kwa ajili yake mwenyewe isipokuwa mara moja, na kitu chenyewe kilikuwa meza.

Alikuwa mke wa Elpidius, mkulima wa kahawa na ndizi ambaye shamba lake lilipakana na langu kwa mstari wa masale. Alikuwa mfupi, mchangamfu bila makelele, na kanisani aliimba sauti ya pili kwa utulivu kiasi kwamba mtu hakutambua kuwa yupo mpaka Jumapili aliyokosekana. Watu wengi walimwita Mama Cassian, kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa anasoma mbali.

Mwaka 1986, wakati wa mvua za masika, aliteleza akitoka kisimani na ndoo kichwani, akaangukia nyonga. Wauguzi walimhudumia vizuri, akapona, akarudi kutembea na hata kulima. Aliweza kusimama kutwa nzima bila kulalamika. Jambo moja tu lilimshinda: akikaa chini, hakuweza kuinuka mpaka watu wawili wamshike mikono na kumvuta kama kisiki.

Huenda mtu wa mjini asione uzito wa jambo hilo. Kwetu chakula huandaliwa chini. Mwanamke hutandika majani ya mgomba, akakaa amekunja miguu upande mmoja, mkungu wa ndizi mbele yake na kisu mkononi, akamenya taratibu huku mazungumzo yakiendelea. Kumenya umesimama kulihesabiwa kuwa ni kazi ya mtu anayekimbizwa. Mama mkwe wake, bibi Kemirembe, alilishika jambo hilo kama wengine wanavyoishika katekisimu.

Kwa hiyo Evangelina, dada yake Elpidius, mjane aliyekuwa na shamba lake Kimuli, kijiji cha jirani, aliitwa aje apike. Alikuja kwa moyo mwema, akapika miaka miwili. Katika miaka hiyo Celestina alikaa kwenye kiti mlangoni pa jiko lake mwenyewe, mikono mapajani, kama mgeni aliyekuja kuomba chumvi.

Mwaka 1988, kahawa ilipokwisha kuuzwa, Elpidius aliamua kuubomoa msonge wa nyasi uliokuwa jiko na kujenga la matofali lenye bati. Bibi Kemirembe alisubiri mpaka wote wameketi, ndipo akasema.

"Jiko jipya lazima liwe na mwenyewe. Krismasi ikifika, na wewe mke wa mwanangu bado huwezi kupika, Evangelina atahamisha vyombo vyake vyote aje akae hapa moja kwa moja. Sikuchukii. Nasema ili tusidanganyane."

"Nimesikia, mama," alijibu Celestina. Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Cassian, nataka meza. Ndefu, ya kujengewa ukutani, nimenye ndizi nikiwa nimesimama."

"Umesimama!" bibi akashtuka. "Unakwenda wapi?"

"Siendi popote, mama. Ndiyo maana nataka meza."

Elpidius alikuwa mume mwema, ila alipenda kusifiwa. Siku ya pili tu alikwisha kuamua kwamba meza itafunikwa saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta, kama sakafu ya nyumba ya mapadre. Fundi wake alikuwa Fidele, aliyekuja na wazazi wake kutoka Rwanda akiwa mtoto na kuoa kwetu; mwashi hodari, mcheshi, na ndiye aliyeijenga altare ya kanisa la kigango chetu. Yeye alipendelea mbao za msizi, kwa sababu, alisema, ubao ukikosea unaurudisha kwa seremala, lakini saruji ikikosea unamrudishia nani?

Celestina hakubishana na yeyote. Aliomba tu kipande cha kila kimoja. Fidele akamletea ubao wa msizi, akamwagia saruji nyekundu ndani ya beseni bovu ikaganda ikawa kama mkate mkubwa. Cha tatu Celestina alikiagiza mwenyewe: kipande cha jiwe bapa kutoka mlima ulio upande wa Kimuli, mahali ambapo miamba hupasuka kwa tabaka kama kurasa za kitabu. Akavipanga vyote vitatu juu ya matofali yaliyokuwa yanasubiri ujenzi, akaanza kazi.

Kwa juma zima nilikuwa nikirudi shuleni namkuta amesimama hapo uani. Ndizi tatu alizimenya juu ya ubao, tatu juu ya saruji, tatu juu ya jiwe, utomvu akauacha ukauke. Alikamua limau juu ya vyote. Aliipua sufuria motoni akaitua juu ya kila kimoja kwa zamu. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, naye akawachambua juu ya kila kimoja, mabawa na miguu.

"Shikamoo, mwalimu," alinisalimu siku moja, kwa kuwa nilimzidi umri kidogo. "Njoo utie alama, wewe si ndiye mtahini?"

Nikasogea. Ubao ulikuwa umenywa utomvu ukageuka mweusi, na chini ya sufuria palikuwa na duara la kuungua. Aliniambia ninuse, nikanusa. Harufu ya dagaa aliowachambulia hapo juzi bado ilikuwemo. Ile saruji iliyopendeza siku ya kwanza sasa ilikuwa na mabaka meupe mahali limau lilipogusa. Jambo baya zaidi, ndizi zilizolala juu yake zilikuwa na wekundu ubavuni.

"Zimepaka rangi ya midomo," akasema Celestina. "Baba Cassian atakula chakula kilichojipamba."

Jiwe lilikuwa vilevile lilivyotoka mlimani. Alilipangusa kwa majivu na kitambaa cha maji, utomvu ukaondoka, ukabaki uvuli tu. Lilikuwa la kijivu kilichokoza, baridi, bila urembo wowote. Sikuhitaji kutia alama.

Elpidius ndiye aliyekuwa mgumu. "Nimeuza kahawa mwaka mzuri kuliko yote tangu vita viishe," alilalamika, "halafu watu waje waone nimemjengea mke wangu jiwe la kufulia nguo?"

Aliyemjibu, kwa mshangao wetu sote, alikuwa bibi Kemirembe. Alikuwa ameinamia lile jiwe, anapitisha kiganja taratibu juu yake.

"Mimi nimesaga ulezi juu ya jiwe tangu nilipoolewa na baba yako. Ulikula uji wake ukawa mnene namna hiyo. Leo jiwe limekuwa aibu?" Kisha, asije akadhaniwa amekubali yote, akaongeza, "Lakini jiwe mahali pake ni chini."

Elpidius alikwenda Kimuli na Fidele, wakachagua bamba lenye urefu wa hatua mbili za mtu mzima na unene wa vidole vinne, wakalichonga kingo kwa tindo na nyundo. Siku ya Jumamosi wanaume wanane walilibeba kwa machela ya miti, kama tulivyokuwa tukibeba wagonjwa kuwapeleka hospitali, huku wakijua kwamba rubisi, pombe yetu ya ndizi, inawasubiri. Nami niliwafuata nyuma nikibeba mfuko wa tindo, kazi niliyoona inanitosha.

Njiani kila tuliyekutana naye alisimama pembeni na kuvua kofia.

"Poleni sana, ndugu zangu. Mgonjwa ni nani?"

"Ni meza ya Mama Cassian," Fidele alijibu bila kucheka.

"Anaendeleaje?"

"Ni mzito, lakini hasemi maumivu."

Ilipofika jioni bamba lilikuwa limekwisha kulazwa juu ya nguzo tatu za matofali ambazo Fidele alizijenga juma lililotangulia. Alilipima kwa pimamaji, akaziba mianya kwa saruji, akapiga ngumi juu yake kwa fahari. Rubisi ikanywewa, wabebaji wakaondoka wakiimba. Ndipo Celestina alipoitwa aingie.

Aliingia na mkungu mdogo mkononi na kisu. Akasimama mbele ya jiwe lake. Likamfika kifuani.

Alijaribu kumenya ndizi moja. Viwiko vilipanda juu kama mbawa za kuku, kisu kikamjia karibu na kidevu. Akaiweka ndizi chini. Krismasi ilikuwa imebaki siku nane.

"Fidele," Elpidius akauliza polepole, "kipimo cha kwenda juu ulikitoa wapi?"

Fidele alivua kofia yake. "Mzee, maishani mwangu nimejenga meza moja tu ambayo mtu husimama anapoifanyia kazi."

"Ipi?"

"Altare."

Padre aliyesimamia ujenzi wa kigango chetu alikuwa Mzungu mrefu, aliyeinama katika kila mlango wa parokia, na Fidele alikuwa ameijenga altare kwa kiuno cha padre huyo. Kamba aliyoifunga fundo siku hiyo kuwa kipimo alikuwa ameitunza, na ndiyo aliyoitumia jikoni.

"Kwa hiyo mke wangu asome misa," akasema Elpidius.

Bibi Kemirembe alicheka mpaka akajishika ukutani. Celestina hakucheka. Alikuwa ameyakodolea macho yale matofali ya nguzo, na nilijua anachohesabu: kuling'oa lile bamba kungetaka tena wanaume wanane, na saruji ikikwisha kushika, jiwe lingeweza kupasuka. Evangelina, aliyekuwa akichochea moto nje, alichungulia mlangoni, akaona, akarudi bila kuuliza. Naye alikuwa na huzuni yake; kahawa yake ya Kimuli ilikuwa imemezwa na magugu miaka miwili, na tangazo la mama yake lilikuwa limelihukumu shamba hilo pia, kwani akihamia hapa halingekuwa na wa kulilima.

Celestina ndiye aliyelipata jibu. "Fundi, altare ya kigango chetu ina ngazi, sivyo?"

"Ina ngazi mbili, mama."

"Nijengee moja. Jiwe msiliguse. Inueni ardhi."

Fidele alimtazama, akavaa kofia yake. Jumatatu walileta kifusi kutoka bondeni, wakakishindilia kando ya meza urefu wote, wakakifunika kwa tofali na ile saruji nyekundu iliyokuwa imekataliwa juu, ili Elpidius naye apate kung'arisha kitu. Safari hii Fidele aliweka kamba kando. Alimsimamisha Celestina juu ya matofali makavu, akaongeza moja, akapunguza moja, mpaka viwiko vikalala vizuri.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi nilipita kuwapelekea maharage mabichi. Nilimkuta Celestina amepanda ngazini, ndizi zikidondoka sufuriani moja baada ya nyingine, maganda yakirundikana upande wa kushoto. Alikuwa anaimba ile sauti yake ya pili, na ilikuwa ajabu kidogo kuisikia peke yake bila ya kwanza.

Bibi Kemirembe aliingia akiwa ameshika majani ya mgomba. Akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta mahali palipopotea. Kisha akatandika majani kwenye mwisho wa ngazi, upande wa dirisha, akakaa. Miguu yake ilikunjika vizuri kabisa.

"Nipe na mimi kisu," alisema. "Pamekuwa pazuri kukaa. Wewe simama ukitaka. Mimi sikimbizwi na mtu."

Basi wakamenya hivyo, mmoja juu na mmoja chini, na maneno yakapita kati yao kama zamani. Nilisikia bibi akimwuliza kama Cassian atapata nafasi ya kuja Pasaka, na Celestina, macho yakiwa kwenye kazi, akimjibu kwamba ndizi hiyo aliyoshika imeoza upande.

Siku ya Krismasi nilialikwa pamoja na Fidele. Ndizi ziliiva zikawa laini, zenye rangi yake ya asili, pamoja na maharage na nyama ya mbuzi. Sufuria ilipoletwa, Evangelina aliinuka kwa mazoea ya miaka miwili na kunyoosha mkono achukue upawa. Mama yake alimshika nguo.

"Kaa, mwanangu. Mwenye jiko atapakua."

Evangelina alikaa. Alikula sahani mbili, akauliza kama kuna mtu wa kumsaidia palizi kule Kimuli baada ya mwaka mpya, na Fidele, ambaye bado alijiona ana deni la altare, akasema atakwenda.