Upepo kwanza: tulivyolinda redio ya ndege yetu Makindye enzi za wanajeshi

Wakuu, heshima kwenu. Naona vijana mnabishana humu kuhusu kulinda mawasiliano ya droni, na mimi mzee nasoma tu kimya. Leo nitoe langu. Sitii chumvi: nilikuwepo.

Ni Kampala, miaka ya sabini, utawala wa kijeshi. Nilikuwa nimetoka chuo na digrii ya umeme, nikaajiriwa na kampuni ndogo ya ndege za kukodi. Ndege zilitua Entebbe, ila chumba cha redio kilikuwa Makindye, kilimani, ili antena ifike mbali. Kambi ya jeshi ilikuwa jirani. Mnaelewa.

Tulikuwa wawili. Mimi wa mitambo, na Driciru, binti wa polisi kutoka Arua, aliyeongea na marubani.

Mimi huwaza kupita kiasi. Gari likipunguza mwendo nje, tayari nimeshajizika. Kilichoninyima usingizi ni hiki: masafa yetu yalikuwa wazi, yeyote mwenye redio anasikia. Siku Driciru akilazimishwa kumdanganya rubani, rubani atajuaje?

Maneno ya siri hayakufaa. Neno moja la ajabu hewani, wewe ni jasusi, kwisha.

Nikawaza wiki nzima. Kila ndege inayokuja husomewa hali ya hewa: upepo, na mgandamizo wa hewa. Nikasema, upepo uwe wa kwanza daima. Siku mgandamizo ukitangulia, rubani ajue kuna bunduki chumbani. Namba zote za kweli, maneno yote ya kawaida.

Kapteni Otieno, rubani wetu Mkenya, alicheka hadi akakohoa. "Profesa, wewe unaogopa hata uji uliopoa!"

"Mwache," Driciru akasema. "Mimi nimeshika."

Baadaye mambo na Kenya yakaharibika, Wakenya wakaanza kukamatwa bila kosa. Alasiri moja, Otieno akiwa angani peke yake akitoka Kasese, akaingia sajenti na askari wawili. Mmoja alizivaa headphones zangu moja kwa moja. Huyo alijua redio.

"Huyo Mkenya nakuja Entebbe," sajenti akasema. "Watu yangu iko kule nangoja yeye. Ambia yeye iko salama. Ukisema kitu ingine, napiga nyinyi wote risasi."

"Sawa, afande," Driciru akajibu. "Lakini lazima nimpe hali ya hewa. Nisipompa, atashtuka."

"Mpe. Huyu nasikia."

Otieno akaita. Driciru akajibu kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Mgandamizo. Kisha upepo. Kisha, Entebbe salama, karibu.

Nikakodolea macho spika ya redio.

Nikawaza: Otieno amesahau. Aliicheka ile kanuni, ameshaisahau. Au ataona Driciru amejichanganya tu.

"Nimekupata," Otieno akasema. Basi.

Tukangoja hadi simu ya Entebbe ikalia: ndege haijafika. Sajenti akamgeukia askari wake. "Huyu mama amesema nini?"

"Hewa tu, afande. Hakuna kitu."

"Otieno huchelewa hata siku za kawaida," Driciru akasema. "Niwape chai mkingoja?"

Wakuu, walikunywa! Jioni wakaondoka wakitukana, na redio yetu wakaibeba.

Mimi nikatapika nyuma ya ukuta. Driciru akaanza kuosha vikombe, na hapo tu vikaanza kumponyoka. Akavunja viwili. Sijamwona mtu jasiri kama yule.

Siku chache baadaye, sokoni Nakivubo, muuza viatu Mkenya akanishika mkono. "Wewe ndiye Profesa? Kuna mtu Kisumu anakusalimu. Anasema, upepo kwanza."

Nilikaa chini, juu ya viatu vyake, nikalia.

Nilichojifunza: encryption, yaani kuficha ujumbe kwa msimbo, ni nzuri, lakini humzuia msikilizaji tu. Haimsaidii mwenzako aliyeshikiwa bunduki akiwa na password zote. Mpe njia ya kusema "nimelazimishwa" isiyoonekana kuwa ishara. Kisha omba Mungu akupe Driciru wa kuitumia.

Nyie wa droni, hilo mmelipangaje? Nirekebisheni, ongezeni yenu.

Nikichelewa kujibu, msishangae. Driciru hunipigia saa hizi kutoka Arua, na kabla hata ya salamu hunieleza upepo wa kwao. Ndipo napumua.