Jinsi Nilivyougawa Mji wa Isiolo

Mwaka wa sabini na nane nilikuwa mwalimu wa darasa la saba mjini Isiolo. Kaltuma, msichana aliyewashinda wote kwa hesabu, alikwenda likizo kwao Sericho asirudi. Ulibaki muhula mmoja tu afanye mtihani. Niliambiwa nimfute kwenye daftari. Mimi Mmeru mbishi, nikapanda lori.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Lori lilibeba sukari na majani ya chai, nami juu ya magunia. Tulipofika Garba Tula nilikuwa nimebadilika rangi kwa vumbi, na dereva akanicheka hadi akakohoa. Tulilala hapo.

Jumamosi mchana, Sericho. Kaltuma alinikimbilia kabla sijashuka. Nyanya yake, ambaye kila mtu alimwita Akko, yaani nyanya kwa lugha yao, alinipokea kwa salaam aleikum na maziwa ya ngamia. Kuhusu shule, Kiswahili chake cha dukani kilimtosha kabisa.

"Hapana. Mjomba yake ya Isiolo amehama. Isiolo sasa ni mji ya watu. Akigonjeka, analala kwa nani?"

"Kwangu."

"Wewe pia ni watu."

Iliniuma, maana alisema kweli. Ili kumchangamsha nikataka kumtegea kitendawili. Akainua mkono haraka.

"Mchana? Unataka ng'ombe ipotee?"

Jioni, baada ya kukama, aliniita mwenyewe ndani ya nyumba yake ya mikeka.

"Hibbo!" akasema.

"Anatega kitendawili," Kaltuma akaninong'oneza.

"Tega!" nikajibu.

"Mshipi nimeona. Mwenye kiuno sijaona."

Nikasema barabara. Nikasema mto. Nikasema nyoka, na Kaltuma akajiziba mdomo kwa leso. Nikashindwa.

"Basi nipe mji."

Nilifurahi mno! Nilidhani kumdai mtu mji ni mchezo wa Waswahili peke yao, kumbe na huku wanadai. Nikampa Meru.

"Baridi."

Nikampa Nairobi.

"Mbali. Nipe Isiolo."

Nikampa, pamoja na soko, msikiti na shule. Akko akafumba macho, akaanza kujisifu kama desturi inavyomruhusu mshindi.

"Nimefika Isiolo. Nimekunywa chai. Watu wote wanasalimia mimi, mji ni yangu. Naona Kaltuma kwa shule, amekaa mbele." Akafumbua macho. "Mtoto anakaa kwa mji yangu. Nani atakataa?"

Kaltuma alilia. Nami nililia, sioni haya kusema.

Ndipo akatoa jibu: ni upinde wa mvua. Kwa Waborana, watu wa Akko, ule ni mshipi wa Waqa, Mungu aliye juu. Nilipomweleza kwamba Kiswahili kinauita upinde, alishangaa kweli.

"Mungu analeta mvua, nyinyi mnapatia yeye silaha?"

Jumapili tulipanda lori la ngozi, mimi na Kaltuma na sanduku lake. Tulinuka, tukaimba njia nzima. Nilikuwa nimejifunza kwamba Akko hakuichukia shule kamwe; alitaka tu mjukuu wake asiwe mgeni.

Jumatatu asubuhi, kwenye kizuizi cha polisi, askari alituuliza tunakokwenda.

"Kwa mji wa akko yangu," Kaltuma akajibu kutoka juu.

Askari akanigeukia mimi.

"Ni kweli," nikamwambia. "Nilimpa mwenyewe."