Sponji ya Kaptura

Mjukuu wangu, ambaye nimemlea hapa kwa ploti yangu ya vyumba vya kupangisha, Kawangware, anafanya yale mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote siku moja, bila kupumzika. Nikimwuliza anakimbizwa na nani, anafunga kamba za viatu.

Kuogelea anajua, mbio anazo. Baiskeli ndiyo ilikuwa inamwangusha. Kocha wake, fundi wa baiskeli kule Laini Saba, alimwambia shida ni moja: hatulii kwa kiti. Anakanyaga kwa hasira, anainuka, na ikifika zamu ya kukimbia miguu imekwisha. Akampa mtihani wa Jumamosi moja. Waende pamoja mpaka Ngong na kurudi, miguu ikizunguka sawasawa, bila yeye kuinuka kwa kiti. Akishindwa, hampeleki mashindanoni.

Ijumaa nikafua. Kwa nguo zake nikapata kaptura nyeusi ya kubana, ya mitumba, imeshonewa sponji nene hapo pa kukalia. Nikasikitika. Nikajua mwenye nguo wa kwanza, huko ng'ambo, alikuwa na shida ya mkojo. Nikachukua wembe, nikafumua uzi mmoja mmoja, kazi safi, na hiyo sponji nikasugulia sufuria ya githeri. Wapangaji wangu wote nimewaambia mimi sikosei.

Asubuhi akaja na kaptura mkononi.

"Shosho, sponji iko wapi?"

"Gani? Ile ya mgonjwa?"

Akaniangalia, akaangalia sufuria, akakaa sakafuni. "Sasa nitakalia nini mpaka Ngong?"

"Utakalia matako uliyopewa na Mungu. Sisi tulibebwa nyuma ya baiskeli, kwa keria ya chuma."

"Haya, panda wewe."

Mimi nikichokozwa sirudi nyuma. Nikajifunga leso, akaegemeza baiskeli ukutani, nikapanda. Kile kiti ni chembamba kama mwiko. Nilishuka haraka kuliko nilivyopanda, na mpangaji wa mlango wa pili, ambaye siku zote huniogopa, akauliza, "Landledi, umefika Ngong tayari?"

Nikaingia ndani, nikageuza kochi ambalo hukaliwa na pasta akija, nikakata kipande cha sponji kwa kisu cha kukatia sukuma wiki. Nikashona.

"Mafundo ya uzi yaweke nje, Shosho. Yakiwa ndani yatanichuna."

Nikafumua, nikaanza upya.

Akaenda. Asubuhi yote nikachambua maharagwe ambayo nilikuwa nimeyachambua jana yake.

Alirudi saa nane, akisukuma baiskeli, mwendo wa bata.

"Uliinuka?"

"Sponji ilihamia kushoto hata hatujafika Karen. Lakini sikuinuka. Kocha amesema naenda."

Nikampakulia chakula. Alikula akiwa amesimama, na mimi sikumwambia akae.