Abdias, Visiteur wa Geneve

Hebu jionee, ndugu msomaji: mwezi wa tisa 1998, vita ina wiki chache tu, treni imefika gare ya Kamina. Watu wanashuka na magodoro na kuku, na katikati yao anashuka Abdias, amevaa koti la baridi kwenye jua letu lile, jasho linamfika mpaka kwenye soksi. Kifuani inaning'inia kadi ya plastiki: VISITEUR.

Huyu Abdias mnamjua aina yake. Baba yake karani wa misheni ya Wametodisti, yeye mwanafunzi wa Lubumbashi, wa mitihani ya kurudia. Wafadhili fulani waliwalipia wanafunzi sita safari ya masomo Ulaya, wiki tatu: Bruseli, Strasburi, Lahe, Geneve. Waliingizwa kwa mstari katika majumba makubwa ya mataifa, wakaonyeshwa viti, wakavalishwa kadi za mgeni vifuani na vifaa vya kusikilizia masikioni, wakatolewa kwa mlango wa nyuma. Hadassa, aliyesafiri naye, alituambia kwamba huko Strasburi Abdias alisinzia, na kule Lahe, kwenye mahakama ya mataifa, mbele ya majaji, swali lake lilikuwa moja tu: choo kiko wapi.

Huku Kamina alituletea habari nyingine. Alisema alikaa Umoja wa Mataifa. Kukaa alikaa kweli, nusu saa. Alipoulizwa vita itaisha lini, alikunja uso, akajibu kwamba mambo hayo hayasemwi barabarani.

Sasa, Kamina ni mji wa reli. Kwetu visiteur si mgeni. Ni fundi anayepita kando ya mabogi na nyundo, anagonga magurudumu na kusikiliza mlio. Akitia saini, bogi linaondoka. Wetu alikuwa mzee Kalala, miaka ishirini na nane ya nyundo. Vijana wa gare wakamtania Abdias: "Eh, visiteur, magurudumu ya bazungu inalia namna gani?" Angeweza kucheka nao yakaisha. Akajibu kwamba kule hicho ni cheo.

Mwaka uliofuata treni ya wakimbizi kutoka kaskazini ilisimama kwetu, ikielekea Luena. Bogi la tatu Kalala aliligonga mara mbili, akakataa kusaini: gurudumu lina ufa. Komanda aliyesimamia treni, mgeni wa mji, hakutaka kusikia. Aliogopa vita imkute pale. Akauliza kama hakuna visiteur mwingine. Abdias alikuwa anapita, kadi kifuani.

"Weye iko visiteur?"

Mtu mwenye akili angesema: hapana, mkubwa, nilikwenda kutembea tu. Lakini gare yote ilikuwa inamtazama.

"Njo minyi," akakubali Abdias. "Wa Geneve."

Akasaini bila hata kuinama kulitazama gurudumu.

Ndani ya bogi hilo alikuwamo mama Agar na watoto wake wanne, pamoja na kaka yake. Kalala akamsogelea. "Mama, shuka. Gurudumu iko nalia mubaya." Komanda akaonyesha karatasi yenye saini. Agar, ambaye hakujua lolote la reli, akamgeukia Abdias kwa adabu zote.

"Papa visiteur, weye utapanda pamoja na sisi?"

Abdias akasema ana mkutano.

Agar akawashusha watoto, mmoja mmoja. Kaka yake akabaki, na nafasi zao zikajazwa kabla yeye hajakanyaga chini.

Na bogi lile, ndugu zangu, lilifika Luena salama. Jumapili Abdias alisimama kanisani kutoa ushuhuda, yeye asiyejua kutofautisha gurudumu na sahani. Agar alilala siku kumi na tisa kwenye saruji ya gare akingoja treni nyingine, mvua ikimpiga, mtoto wa mwisho akikohoa, kaka yake akimsubiri Luena. Nilipompelekea bukari, ugali wetu, alikula kidogo, akaniuliza polepole:

"Nilishuka bure?"

Abdias mimi simhesabu kuwa mtu, wala sitamhesabu. Lakini Agar nilimfunikia tu bukari iliyobaki. Wewe ungemjibu nini?