Gitaa Jekundu la Magesa

Harufu ya uji wa muhogo uliochacha, uliopakwa kwenye karatasi ya mfuko wa sementi, mpaka leo ikinipita puani najiona nimechuchumaa nyuma ya nyumba yetu ya Makoko, upepo wa ziwa unanipiga mgongoni, na mbele yangu kuna spika iliyopasuka. Miaka ile dukani kulikuwa na rafu na mwenye duka, basi. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na betri za redio tulizianika juu ya bati kama dagaa ili zirudishe nguvu. Spika ikipasuka hukununua nyingine, ulimtafuta Mafuru. Mafuru ndiye mimi. Sikuwa nimeota hata ndevu, darasa la saba nilitoka mikono mitupu, lakini kuanzia Makoko hadi mjini hapakuwa na mtu wa kunishinda kuziba spika kwa uji na karatasi. Nasema hivi si kwa kujisifu, na kama ni kujisifu, basi nimestahili.

Gitaa langu nililitengeneza mwenyewe. Mwili ulikuwa mbao za sanduku la majani ya chai, nyuzi zilikuwa waya za breki za baiskeli nilizozifumua moja moja, na ndani nilifunga kidude cha kusikilizia cha simu iliyokufa, nikakiunganisha na redio kaseti ya marehemu baba. Sauti ilitoka, tena ilitoka haswa, ila ilikuwa na mkwaruzo wake, maana spika ya redio ile nilikuwa nimeshaiziba mpaka viraka vimezidi karatasi. Wasichana wa sauti ya kwanza kwenye kwaya walikuwa wakinitania, "Mafuru, gitaa lako linakohoa, lipeleke hospitali!" Niliwaacha wacheke. Kiti cha gitaa la solo katika kwaya ya kanisani kwetu kilikuwa changu, na Pasaka ile kwaya ilikuwa inakwenda Bunda, mahali kwaya za pande zote zilipokutana kuimba. Mtu asiye na cheti anahitaji mahali pa kuitwa jina lake mbele za watu. Bunda ndipo pangekuwa pangu. Kabla ya hapo sikuwahi kuchaguliwa kwa lolote, hata kubeba kengele ya shule.

Kisha ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara. Mipaka ikalegea, mitumba ikajaa sokoni, na mume wa shangazi yangu wa Butiama, aliyekuwa akilima pamba bila kupata kitu, akaanza kwenda Sirari mpakani na kuvuka ng'ambo, akirudi na mabegi. Safari moja akarudi na vitu vya mwanamuziki fulani aliyekuwa anahama Nairobi. Wiki chache kabla ya Pasaka mwanawe Magesa, tuliyelingana umri, akaja kukaa kwetu Makoko, na vile vitu vikaja naye. Gitaa la umeme jekundu, jekundu la kung'aa kama pilipili iliyooshwa. Amplifaya ya kubebwa na watu wawili. Na kibati cha rangi ya chungwa, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, chenye kitufe cha kukanyaga kwa mguu, akakiita pedali. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji ndipo nilipougulia.

Niliugua kweli. Gitaa lile Magesa alilitundika kwenye msumari wangu wa shati. Mama yangu, ambaye redio yangu alikuwa akiisogeza kwa mguu akifagia, aliifuta ile amplifaya kwa upindo wa kanga yake, akaita na majirani waje waone. Nikamsikia akisema, "Mwanangu, wewe si umwombe Magesa akufundishe?" Anifundishe! Mtu ambaye vidole vyake vilikuwa laini kama maandazi, ilhali vyangu vilikuwa na sugu za waya wa breki. Nililitazama lile gitaa wakati wa kula, nikalitazama wakati wa kusali, Mungu anisamehe. Na Magesa mwenyewe hakuwa na maringo, jambo lililoniudhi zaidi, kwa sababu mtu mwenye maringo angalau unaweza kumchukia mchana kweupe. Yeye alikuwa akikaa juu ya ndoo, anasikiliza kaseti isiyo na jalada iliyokuja na vile vitu, gitaa ndani yake likinguruma kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Anafumba macho, anatabasamu.

Kiti kimoja hakikaliwi na wawili. Mwalimu wa kwaya, mzee Wambura, mtu mnyoofu aliyevaa tai hata akienda kuoga ziwani, akatangaza kwamba Jumamosi baada ya mazoezi kila mmoja wetu atapiga, naye ataamua nani aende Bunda. Nikapiga mimi kwanza. Nilipiga vizuri, waliokuwapo wako hai, waulize. Redio ikakohoa kidogo, lakini kwaya ikacheza. Akasimama Magesa, akaanza taratibu, sauti safi kama maji ya kisimani, nikaona mabega ya wasichana yameanza kutikisika, nikajua nimekwisha. Halafu akakanyaga kile kibati.

Sijui niwaelezeje. Ukuta ulitetemeka. Sauti ilichanika, ikanguruma, mama mmoja akamkumbatia mtoto wake. Mzee Wambura akarusha mikono juu. "Zima! Zima wewe! Spika imepasuka!" Kila mtu akashika kichwa, kwa sababu katika dunia yetu mkwaruzo ulikuwa na maana moja tu, msiba. Wanaume wakakimbilia waya. Magesa akafungua mdomo aseme, lakini nani angemsikiliza? Jina lililoitwa lilikuwa langu. "Mafuru yuko wapi? Mafuru, kimbia, lete uji wako!"

Ndugu msomaji, sijawahi kutembea kwa mwendo ule tena. Nilirudi na kopo la uji na karatasi, nikafungua skrubu za ile amplifaya moja moja huku kanisa zima limenizunguka. Nikapitisha kidole kwenye karatasi ya spika. Nzima. Haina hata mchubuko.

"Mwalimu, hii nzima," nikasema.

"Nzima inaongeaga hivyo? Paka uji!"

"Nasema haijapasuka."

"Paka, Mafuru, usitucheleweshe!"

Mkubwa akisema, nani atabisha? Nikapaka. Spika mpya kutoka ng'ambo, ugonjwa haina, nikaipaka uji wa muhogo kama namlisha mtoto aliyeshiba. Tukaianika juani. Ilipokauka, Magesa akapiga bila kukanyaga kitu, sauti ikatoka safi, na kanisa likalipuka kwa vigelegele. "Imepona!" Wakanipiga mgongo. Mama yangu, aliyekuja kutazama, akawaambia watu, "Huyo ni wangu." Kwa muda kama wa kunywa maji nilikuwa mfalme wa Musoma. Kisha Magesa, akicheka mpaka machozi, akakanyaga tena.

Safari hii alipata nafasi ya kueleza. Mzee Wambura alimsikiliza kwa uso wa mtu anayesimuliwa kwamba kuna watu wanaoweka mchanga kwenye ugali ili uwe mtamu. "Makusudi?" akauliza. "Mtu mzima na akili zake anachana sauti makusudi? Sasa sikiliza, kijana. Bunda utakwenda wewe na gitaa lako, hicho kibati kibaki hapa."

"Bila hiki sipigi, mwalimu. Unisamehe."

Alisema hivyo kwa adabu kabisa, kisha akanigeukia, akavua mkanda wa gitaa begani na kunivisha mimi. "Nenda nalo wewe, ndugu yangu. Na amplifaya uchukue. Mimi niachie tu redio yako, ule mkwaruzo wake naupenda." Hivyo tu. Kama mtu anayekupisha kwenye benchi.

Bunda nilikwenda. Nilipiga gitaa jekundu mbele ya kwaya zote, jina langu likaitwa kwenye kipaza sauti, wakanipa soda baridi na watu wakaniuliza ni mtoto wa nani. Kila nilichokitamani nilikipata siku moja. Na katikati ya wimbo wa pili, makofi yakipigwa, nilikuwa namwaza Magesa amekaa juu ya ndoo kule Makoko, amefumba macho, redio yangu mbovu inanguruma, wala hajali kwamba saa hizi ni mimi ninayeshangiliwa. Nikakosea nyuzi. Hakuna aliyegundua.

Leo nina stoo ya vyombo vya muziki mjini Musoma, na aliyesoma akitaka kuozesha binti yake ananipigia simu mimi ambaye sikusoma. Harusi ya Bunda, mkutano wa injili Butiama, hadi Mugeta huko, spika zinazosikika ni zangu. Karatasi ikipasuka naitupa, naweka mpya. Vijana wangu hata hawajui kwamba zamani tuliziba. Chema chajiuza. Magesa aliishia Ujerumani, anakula kwa kupiga roki nzito, ile wanayoiita metali. Hunitumia picha: magitaa yamepanga mstari ukutani, amplifaya zimepandana hadi urefu wa mlango, pedali zimejaa kwenye ubao zikiwaka taa za kila rangi. Huwa nazikuza zile picha kwa vidole, natafuta nisichokuwa nacho. Nikikiona, naagiza. Vingine viko stoo, sijavitoa kwenye boksi.

Mwezi uliopita alinitumia video, anahojiwa na wazungu. Nilimwita kijana mmoja wa stoo anayejua kimombo anitafsirie. Magesa anawasimulia ile Jumamosi. Anawaambia kwao kulikuwa na mpigaji bora kuliko yeye, binamu yake Mafuru, ndiye kwaya ilimchagua, naye akaachwa nyumbani. Hasemi kwamba aliyechaguliwa alikuwa yeye, akanipisha. Anacheka kwa furaha, wazungu wanacheka, wanapiga makofi. Nimeitazama video ile mpaka kijana akaniambia, "Mzee, si anakusifia?" Ananisifia, ndiyo. Angejisifu tu kwamba alishinda yeye, ningempigia simu tugombane, yakaisha.