Kuku wa Naila Waliosusa Kula

Naila wa duka la viungo, jirani yangu hapa Kisenyi, alikuwa hajafuga hata paka. Babu yake alikuja na misafara ya pwani, baba yake aliuza iliki na karafuu kwenye duka hilohilo, na vita vya themanini na sita vilipokwisha ni yeye, akiwa msichana tu, aliyefagia vioo akafungua mlango tena. Pilipili yake kali. Nimeona askari akilia kwa kuipita tu, na alikuwa upande wa pili wa barabara. Lakini mnyama hakumtaka. Alisema manyoya yataingia kwenye bizari.

Sasa rafiki yake Kavugho, Mkongomani muuza vitenge aliyekaa Luzira karibu na ziwa, akapata safari ya kuhamia Kanada. Aligawa masufuria, akagawa godoro, wakabaki kuku watatu. Majike wazee, mayai waliyasahau zamani. Aliwaita Butembo, Beni na Kasindi, kwa miji aliyolala akikimbia vita vya kwao. Akawaleta kwa Naila ndani ya kapu.

"Hawa ni watu wangu, dada," akamwambia. "Niapie hawataingia chunguni."

Naila akaapa, na Naila akiapa ameapa. Kavugho akamwachia maagizo. Wafungiwe kwanza, wazoee nyumba, wasije wakapotelea kwenye magereji ya mtaani. Chakula chao pumba na mahindi, na kila siku kitu kidogo cha kuwafurahisha. Kisiwe na chumvi, kisiwe na mafuta, maharage mabichi hapana, ovakedo hapana. Kisha akapanda ndege.

Kuku wakasusa. Pumba hawakugusa. Naila akaona labda ni kile kitu cha kufurahisha kinachokosekana, naye ni mwanamke ambaye hata chai yake ina viungo sita. Kupika bila chumvi ilikuwa kama kumwambia aende sokoni bila kanga. Alianza na papai, akalikatakata kama la mgonjwa. Wakaliangalia. Akaleta mchicha, ameuosha maji mawili. Butembo akaukanyaga. Akaleta tikitimaji, Kasindi akalilalia. Beni ndiye alikonda mpaka nikamshauri Naila amfunge jiwe mguuni, upepo usije ukambeba akamfuata mwenyewe Kanada. Naila hakucheka. Yeye mwenyewe alikuwa hali chakula vizuri, na jioni nilimsikia akiongea na banda, akiwabembeleza kwa majina.

Kumbe mtaa mzima unamtazama.

Huku kwetu kuku wa mtaani anakula takataka, kila mtu anajua. Ukitaka kumchinja, unamfungia siku tatu, unamlisha chakula kisafi, tumbo lisafike, ndipo unamwita mwenye kisu. Basi majirani wakaona banda, wakaona mchicha unaoshwa maji mawili, wakaona papai. Hakuna aliyeuliza, maana kuuliza ni kujialika. Wakahesabu kimyakimya, wakaona siku yenyewe inaangukia Ijumaa.

Na Ijumaa, watu walipotoka msikitini, bila kuitwa, kwa hesabu hiyohiyo ya mtaa, akaingia Mwalimu Tajudin, anayesomesha watoto Kurani na kuchinjia mtaa mzima. Nyuma yake wazee wawili, kanzu zimepigwa pasi. Kisu amekifunga kwenye kitambaa. Mkononi ana pakiti ya kumbikumbi wakavu, wasio na chumvi kwa sababu ya presha yake, anakula mmojammoja kama karanga.

Naila alipoona kile kitambaa akaelewa. Angesema nini? Wageni wamekaa mkekani, wametaja jina la Mungu, wanangoja kuku. Kuwafukuza ni aibu. Kuwapa Butembo ni kumla Kavugho. Akaingia jikoni, na jikoni kulikuwa na sufuria moja tu: wali bokoboko uliochanganywa na ulezi na majani ya maboga, aliowapikia kuku asubuhi nao wakaukataa.

Akaupakua kwenye sahani ya wageni.

Wazee wakala. Hawakusema neno juu ya chumvi. Mmoja akaongeza. Kisha Mwalimu akanawa, akasema twende kazini, akachuchumaa mbele ya banda na kuweka pakiti yake chini ili afungue kitambaa.

Butembo akatoa shingo kwenye waya. Pakiti ikachanika. Kabla Mwalimu hajageuka, kumbikumbi wameenea, Kasindi anagombana na Beni, na yule Beni wa kufungwa jiwe anadonoa mpaka bati linalia.

"Mwalimu, usisogee," Naila akasema. "Tafadhali. Wanakula."

"Naona wanakula. Wanakula vyangu."

Hapo ndipo akamweleza yote: Kavugho, kiapo, papai, kila kitu isipokuwa sufuria. Mwalimu alisikiliza akiwa bado amechuchumaa. Akamimina waliobaki kiganjani, Butembo akaja akala humo, taratibu, kama mkwe. Mwalimu akakifunga kisu chake upya.

"Aliyekula mkononi mwangu simchinji," akasema. "Ila mngeandika mlangoni, nisipige pasi bure."

Kavugho alipopiga simu kutoka kwenye baridi yake, swali lilikuwa moja: wanakula? Naila akaisogeza simu bandani, akamsikilizisha ule mdonoo. Wakalia wote wawili, huku na huko.

Siku hizi Mwalimu hupitia kila Ijumaa na pakiti mbili, moja yake, moja yao. Na mkewe amemtuma mtu kwa Naila: mume wake anautaja ule wali kila akila, unapikwaje? Naila akaja kwangu, amejishika shavu, afanyeje. Nikamwambia aseme ni mapishi ya Butembo. Si uongo, Butembo ndiye aliyepikiwa.